Kozi Tatu

Ukuta wangu wa Ilemi ulikuwa na kozi kumi na mbili.
Nilizihesabu siku fundi Gwakisa alipomaliza,
akapanda juu yake vipande vya chupa, vya kijani na vya kahawia,
jua lilipovigusa vikang'aa kama meno.
Nikasema: sasa nalala.

Nikaweka geti la chuma, kufuli nene, nondo dirishani,
na mbwa niliyemwita Kamanda,
ambaye baridi ya Juni ikishaingia
hulala jikoni kwenye majivu, hajui mwizi wala mwenyeji.

Walikuja Alhamisi, saa nne asubuhi,
mimi nikiwa dukani Mwanjelwa, napima mbegu na dawa za viazi.
Si usiku, hapana. Ukungu ndio kwanza unanyanyuka.
Walikuja na Kenta, na kujiamini kwa wenye hati.
Wakabeba runinga, mtungi wa gesi, godoro,
magunia mawili ya mahindi, cherehani ya marehemu mama,
hata sufuria iliyokuwa na maharage ya jana.
Maharage wakayamimina kwenye bakuli, wakafunika,
kama wageni wenye adabu.

Ng'ambo ya ukuta alikuwepo bibi Tusajigwe,
anachambua majani ya maboga.
Alisikia kila kitu.
Alisikia godoro likiburuzwa, alisikia Kenta ikiunguruma.
Jioni akaniambia, mikono kifuani:
"Mwanangu, nilidhani unahama.
Nikasema moyoni, huyu hata kuaga hajui.
Ningechungulia, ila wewe uliniwekea chupa."

Kumbe niliwajengea wezi,
kwa mifuko arobaini ya saruji, mahali pa kufanyia kazi kwa utulivu.

Usiku wa tatu filimbi ya ulinzi ikalia.
Tukatoka na tochi na mipini ya majembe, makoti juu ya nguo za kulalia,
tukamzingira mtu kwenye mfereji.
Mpini wangu nilikuwa nimeshauinua. Siwezi kusema sikuuinua.
Ndipo sauti ya bibi ikatokea gizani:
"Huyo ni Ambakisye wa kina Mwaipopo,
anatoka kupakia parachichi Uyole.
Hatua zake nazijua, mguu wa kushoto anauburuta."
Mipini ikashuka, mmoja, mwingine, mwingine.
Kijana hakusema neno. Alikuwa anatetemeka, na si kwa baridi.
Kesho yake alipita dukani kununua mbegu za karoti
nami nikahesabu chenji mara mbili, nisije nikamtazama.

Basi nikamwita tena Gwakisa.
"Nibomoe nilichojenga mwenyewe?"
Akavua kofia, akajikuna, akataja bei,
na bei ya kubomoa haikupishana sana na ile ya kujenga.
Kozi tatu, upande wa bibi tu.
Chupa tukaziokota kwenye ndoo.
Kimoja kilinichana kidole gumba. Kovu hili hapa.

Sasa alfajiri, kabla sijawasha jiko,
kilemba chake kinachomoza juu ya tofali:
"Ugonile?"
Nimezaliwa huku, nimesalimiwa hivyo tangu nabebwa mgongoni,
sikuwahi kusikia kwamba ni swali.
Umelala?
Na anasubiri jibu.
Nisipoitika anarudia,
nikizidi kuchelewa nasikia kandambili zake zikizunguka kuja getini,
na sahani ya kande mkononi, ili isionekane amekuja kupeleleza.

Nami nimekijua kikohozi chake.
Saa nane za usiku huja mara mbili, kikavu,
kisha maji kwenye kikombe cha bati.
Juzi kilikuja mara moja tu.
Nikakaa kitandani, viatu vimeshavaliwa,
nasikiliza.
Kamanda naye akainua sikio moja,
la kwanza tangu nimnunue.